Nani Atasema "Yatosha"?

Katika miji yetu desturi moja yaondoka polepole, na nyingine yashika mahali pake. Nyumba nyingi zilizokuwa zikilipia televisheni ya waya au ya dishi kila mwezi zimeacha king'amuzi kishike vumbi. Sinema, michezo na tamthilia sasa hutazamwa kwa njia ya intaneti, mara nyingi kila mtu kwa simu yake. Wengi wafurahia mabadiliko hayo, nao wana haki. Kwa nini mtu alipie chaneli mia, hali atazama tano tu? Kwa nini angoje saa ya kipindi, iwapo aweza kukitazama wakati apendao? Kutunza fedha ya nyumba ni wema, na hatuna neno la kumlaumu mzazi anayeitunza.

Lakini swali letu leo si la fedha. Twauliza hivi: mtu aliyepewa nafasi ya kuchagua kila kitu, na kwa saa yoyote, je, huyo ndiye mtu huru?

Tukumbuke mambo yalivyoanza. Mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Marekani, watu wa miji midogo ya milimani katika Pennsylvania na Oregon hawakuweza kupata picha za televisheni, maana milima ilizuia mawimbi. Wakasimamisha antena moja mahali pa juu, wakavuta waya hadi nyumbani mwa kila mmoja. Televisheni ya waya, basi, asili yake ni kitu cha kushirikiana. Kwetu pia ilikuwa hivyo kwa namna yake. Vituo vya televisheni vilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, seti moja ilikuwa ya mtaa mzima. Watoto walijaza sebule ya jirani, na waliokosa nafasi walichungulia dirishani.

Hatusemi kwamba siku zile watu walikuwa watakatifu. Walitazama ya upuuzi pia, wakagombana sana juu ya nani ashike rimoti. Hata hivyo palikuwa na mambo mawili yaliyowasaidia bila wao kujua. Kwanza, kando ya mtazamaji alikuwapo mtu mwingine. Pili, kipindi kilikuwa na mwisho. Taarifa ya habari ikiisha, mama alisema, "Haya, yatosha, tusali tukalale."

Sasa tutazame mambo ya leo. Kampuni ya Netflix ilianzishwa Marekani mwaka 1997, ikiwapelekea watu sinema kwa posta. Mwaka 2007 ilianza kuzionyesha kwa intaneti, na Januari 2016 ilifungua milango siku moja katika nchi zaidi ya 130, za kwetu zikiwamo. Mwaka 2017 mkuu wake, Reed Hastings, alieleza kwamba mshindani wao ni usingizi. Huenda watu walicheka, lakini neno hilo lafaa kupimwa. Mfanyabiashara anayeshindana na usingizi hagombei tena chaneli ya jirani. Agombea saa za usiku za mteja wake. Na kwa Mkristo saa hizo ndizo za sala ya jioni, za kuchunguza dhamiri, na za mume na mke kusemezana juu ya nyumba yao.

Tena mtambo wenyewe umetengenezwa kwa shabaha hiyo. Sehemu moja ya tamthilia ikiisha, ya pili huanza yenyewe baada ya sekunde chache. Tulichotazama jana hukumbukwa, na leo twawekewa kinachofanana nacho. Hakuna anayetulazimisha, ni kweli. Lakini zamani ilimpasa mtu aamue kutazama. Sasa yampasa aamue kuacha. Uamuzi umehamishwa ukapelekwa mahali ambapo mwili umechoka na nia imelegea. Wazee walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Buyu hili jipya haliishi. Kinachoisha ni usiku wetu.

Baba mmoja alitueleza kwamba aliacha kulipia king'amuzi, akafurahi kuona akiba. Baada ya miezi michache sebule ikawa kimya, na rozari ya jioni ikawa ya mama peke yake. Usiku mmoja aliinuka kwenda kuwagombeza watoto waliokuwa wakitazama simu chumbani. Mlangoni akatupa jicho saani: ilikuwa saa sita na nusu. "Nikasimama," asema, "kwa sababu simu yangu nayo ilikuwa bado mkononi, inawaka." Alirudi asiseme neno. Twamheshimu baba huyo, maana alianza hukumu pale inapopaswa kuanza.

Kanisa halikuvichukia vyombo hivi kamwe. Baba Mtakatifu Pio XII, katika waraka wake Miranda Prorsus wa mwaka 1957, aliiita sinema, redio na televisheni zawadi za Mungu. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba wanaochagua kwa hiari kutazama na kusikiliza wana wajibu wao, na kwamba vijana wajizoeze kiasi. Wajibu huo haukupungua kwa kuwa uchaguzi umeongezeka; umezidi uzito. Mtume Paulo naye aliwaonya Wakorinto kwamba hata kilicho halali kisimtawale mtu.

Kwa hiyo hatusemi mrudie king'amuzi. Kwa mtu anayejitawala, njia mpya yaweza kuwa bora kuliko ya zamani: huchagua sinema njema, hukataa chafu, hulipa kidogo. Kwa asiyejitawala ni mbaya zaidi, kwani imemwondolea jirani na mwisho, vitu viwili vilivyomshika mkono. Yatupasa kuvirudisha kwa hiari yetu. Tuchague kabla ya kuwasha, wala tusiwashe ili tupate cha kuchagua. Mlango wa kipindi kujianzisha chenyewe tuufunge; waweza kufungwa. Walau siku moja kwa juma familia itazame pamoja kitu kimoja, hata kama atakayeridhika kabisa hayupo. Na sala ya jioni itangulie, isingoje mabaki ya usiku.

Enyi wazazi, kufuli la namba ya siri huwalinda watoto wadogo, nasi twalisifu. Lakini mtoto atakua, na kufuli atalifungua. Atakachobaki nacho ni kumbukumbu ya baba au mama aliyeweza, sinema ikiwa tamu, kuweka simu chini na kusema, "Yatosha."