Mungu Hana Haraka: Somo Kutoka Lundo la Mboji



Leo tutafakari Luka 13:6-9. Mnaifahamu: mtini umekaa miaka mitatu bila tunda, mwenye shamba anataka ukatwe, mtunzaji anauombea mwaka mmoja zaidi. Wengi tukifika hapa tunaongelea huruma tu. Sawa kabisa. Ila tusiruke alichoahidi yule mtunzaji: atapalilia kuuzunguka na kuutilia samadi. Huruma yake imeshika jembe.

Nimelifikiria sana somo hili nikiwa utumeni parokiani likizo hii. Vijana wa hapa wana kitalu cha miche ya nyanya, hoho na mipapai, na wengine wanalipia ada kutokana nacho. Juzi wakabishana: tuendelee kununua ule udongo mwepesi wa mifuko kutoka nje, au tutengeneze wenyewe? Wa mifuko hauna usumbufu na miche inaota sawasawa. Mmoja akaniuliza, "Frateri, kwani Mungu ana shida na udongo wa trei zangu?"

Swali zuri, tusilicheke. Mifuko mingi ya aina hiyo ina piti, yaani mabaki ya mimea yaliyolala kinamasini bila kuoza kabisa kwa sababu ya maji. Piti hujijenga kama milimita moja tu kwa mwaka. Piga hesabu: kina cha mita moja ni kama miaka 1,000. Kinamasi kikikaushwa na kuchimbwa, kaboni iliyofungwa humo inarudi hewani na kuipasha dunia joto. Hapo jirani, katika bonde la Kongo, wanasayansi walichapisha mwaka 2017 ramani ya vinamasi vya piti vinavyokadiriwa kushika tani bilioni 30 hivi za kaboni. Piti ya mifukoni kwa kawaida inachimbwa Ulaya na Kanada, lakini hewa ni moja na mvua zetu zinaitegemea. Ndiyo maana Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliiita dunia nyumba yetu ya pamoja.

Basi jibu langu kwa yule kijana lilikuwa Mwanzo 2:15. Mtu aliwekwa bustanini alime na atunze. Kazi ni mbili. Kulima tunakupenda kwa sababu kuna mavuno. Kutunza tunawaachia wengine.

Sasa tufanyeje? Kwanza soma mfuko. Ukiona sphagnum au peat moss, hiyo ni piti. Ukiona coco peat, jina lisikuchanganye: hayo ni makumbi ya nazi yaliyosagwa. Yanafaa, ila yaoshe kwanza maana huwa na chumvi.

Pili, tengeneza mboji. Panga tabaka za majani makavu, majani mabichi, maganda ya jikoni na samadi. Nyunyizia maji, funika, geuza kila baada ya wiki mbili hivi. Chomeka kijiti katikati. Ukikichomoa kikiwa na joto, ujue kazi inaendelea. Baada ya kama miezi mitatu, lundo limepoa na linanukia udongo. Chekecha, changanya na udongo mzuri na mchanga kidogo, jaza trei. Usikimbilie, maana mboji isiyoiva inaunguza mizizi ya miche.

Hapo ndipo nakutana na wewe unayesoma hii usiku, ukijiona umeoza: mahusiano yaliyovunjika, mwaka wa chuo uliopotea, dhambi ileile kila mwezi. Aristotle alifundisha kwamba kuharibika kwa kitu kimoja ni kuzaliwa kwa kingine. Darasani niliichukulia kama nadharia. Kwenye lundo unaiona kwa macho. Lakini kuoza peke yake hakutoshi. Lundo lisilogeuzwa linakosa hewa na kunuka. Likigeuzwa, maganda yaleyale yanakuwa chakula cha mche. Kitubio ndiko kugeuzwa huko. Ulichokificha chini kinaletwa juu, kinapata hewa, na neema inaanza kazi yake taratibu. Usikate tamaa kwa sababu wiki ya pili bado unaona maganda. Chomeka kijiti. Kama kuna joto, hata kidogo, Mungu yuko kazini.

Vijana wetu wamekubaliana hivi: msimu huu nusu ya trei ni mboji, nusu ni mifuko, wasije wakakosa ada wakati wanajifunza. Naona ni busara. Hata mtunzaji wa mtini aliomba mwaka mmoja, hakuomba muujiza.

Zoezi la wiki: anza lundo, hata kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Na kama hujaungama muda mrefu, Jumamosi nenda.

Tusali: Bwana, uliyetuumba kwa mavumbi, tufundishe kutunza udongo tuliotoka. Utupalilie, ututilie mbolea, utusubiri. Amina.