Nani Atabaki na Mbuzi?

Wiki za mwisho za msimu zikifika, hapa Masalani simu hazitulii. Kwenye FPL mbinu ni ya mfugaji anayenusa ukame: uza kabla hajakonda. Mchezaji ameumia? Mtoe. Badiliko la ziada linakukata pointi 4, basi. Sioni dhambi hapo, kwa sababu hakuna mtu aliyemnunua kutoka kwako.

Football Index ya Uingereza ilikuwa kitu kingine. Pale watu walinunua hisa za wachezaji kwa pesa halisi. Machi 2021 kampuni ikapunguza gawio, bei zikaporomoka, na siku chache baadaye biashara ikasimamishwa. Waliouza mapema waliitwa wajanja. Lakini hisa zao zilibaki kwa msee fulani.

Utaniambia, si hata sokoni ni hivyo hivyo? Hapana. Sokoni mnunuzi hufungua mdomo wa mbuzi, akaangalia meno, akashika mgongo. Asipopata wa kumuuzia, bado ana maziwa na nyama. Maziwa ya hisa zile yalikuwa gawio, na kampuni ndiyo iliyoamua yakauke lini.

Kwa hivyo swali langu si niuze lini. Ni hili: namuuzia nani, na je, anajua ninachojua?