Springi za Gari la Marehemu Baba

Yapo maswali ambayo mtu huyadharau kwa sababu yanaanzia gereji. Mimi mwenyewe nilidhani kwamba maswali ya haki na wema huzaliwa msikitini, kanisani au mahakamani. Sikutegemea kukutana nayo uvunguni mwa gari, nimelala chali juu ya gunia, nikitazama springi zilizojaa matope. Kwa hiyo namwomba msomaji anivumilie nikianza na habari za vyuma kabla sijafika kwenye habari za watu.

Baba yetu aliacha pikapu moja, Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109. Aliinunua mwaka 1978 ikiwa tayari imetumika, na kwa zaidi ya miaka thelathini ilitelemsha kabichi, viazi na karoti kutoka milima ya Usambara, kule juu Mlalo, kupitia Lushoto hadi Mombo kwenye barabara kuu. Kwa gari hilo tulisomeshwa watoto watano. Baba alipofariki mwaka 2011 hatukuliuza. Tuliliweka kama watu wanavyoweka mkuki wa babu, isipokuwa mkuki haudai mafuta wala matairi.

Mzozo ulizuka miaka michache baadaye, mama alipoanza kuugua mgongo. Kila mwezi ilimlazimu kwenda hospitali, na gari lililokuwapo nyumbani lilikuwa hilo hilo. Mdogo wangu, anayeishi naye, ndiye aliyekuwa akimpeleka. Mimi nilikuwa Tanga, nikija wakati wa likizo. Siku moja aliniambia: “Kaka, hizi springi zinamuua mama. Tuziondoe, tuweke koili.”

Nilikasirika kana kwamba ametaka kuuza kaburi.

Kwa asiyezoea mambo haya, nieleze kidogo. Springi za gari la baba ni za mabapa: vipande vyembamba vya chuma cha pua, vilivyopindwa kama upinde na kupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kikiwa juu na vifupi chini, vikabanwa pamoja katikati. Ni ufundi uliorithiwa kutoka magari ya farasi. Springi ya namna hii hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Hubeba mzigo, na pia hushika ekseli isiende mbele wala nyuma wala kando. Zaidi ya hayo, mabapa yanaposuguana hupunguza kule kurukaruka kwa gari. Na bapa moja likivunjika porini, yaliyobaki aghalabu yatakufikisha nyumbani taratibu.

Koili ni chuma kimoja kilichozungushwa kama nyoka aliyejikunja. Kazi yake ni kubeba tu; kushika hakiwezi. Kwa hiyo gari la koili huhitaji mikono ya chuma ya kuishikilia ekseli mahali pake, na shokomzoba nzuri za kutuliza mtikisiko, maana koili peke yake ingeendelea kudunda. Lakini gurudumu lake hupanda na kushuka kwa wepesi, likifuata barabara badala ya kupigana nayo, na aliyeketi ndani hupumzika.

Mdogo wangu alikuja na hoja zake zimepangwa. Alisema waliolitengeneza gari hili wenyewe walibadili mawazo: Range Rover ilitoka na koili mwaka 1970, na mwaka 1983 ikaja Land Rover ya One Ten, nayo kwa koili, hata Series III ikafikia mwisho wake mwaka 1985. Kama wao waliyaacha mabapa, sisi ni nani tuyang’ang’anie?

Nami nilikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba waundaji nao hawakukubaliana. Kule Marekani, Chevrolet iliweka koili nyuma ya pikapu zake nyepesi katika miaka ya 1960, lakini ilipotoa umbo jipya mwaka 1973 ikarudi kwenye mabapa. Ram nayo ikaja kuweka koili nyuma ya pikapu yake ya 1500 katika toleo la mwaka 2009, ilhali Ford haikuyaacha mabapa kwenye F-150. Mpaka leo wenye Chevrolet za zamani hubishana: huyu anasema pikapu isiyo na mabapa si pikapu, yule anasema maisha ni mafupi mno kuyamaliza ukitingishwa. Kama jibu lingekuwa moja, nilimwambia, lingekwisha kujulikana.

Hoja yangu ilikuwa nzuri. Ubaya wake ni kwamba haikumhusu mama hata kidogo.

Chini ya maneno yangu kulikuwa na jambo ambalo sikulitamka. Niliyaona mabapa yale kuwa ni baba mwenyewe. Yeye naye alifanya kazi mbili: alibeba na kushika. Alitufundisha tungali wadogo kuutambua mzigo kwa kuchungulia nyuma ya gurudumu. “Springi ikinyooka,” alikuwa akisema, “shusha gunia.” Kwangu koili ilikuwa starehe ya watu ambao hawajapata kubeba kitu. Nikajiona natetea heshima ya wazee dhidi ya ulaini wa zama hizi. Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: “Wewe, kaka, unalipenda gari. Mimi ndiye ninayempakia mama.”

Tulilipeleka gari kwa fundi wa Lushoto aliyelijua tangu enzi za baba. Alilala chini, akagongagonga, akatoka akijifuta mikono. Alisema kuweka koili kwenye chesisi ile si kubadilisha springi tu. Pangehitajika vikalio vipya, mikono ya kushikilia ekseli na kuchomelea vyuma vingi, na kama tunataka kazi ya kuaminika kwenye kona za Mombo, afadhali kutafuta chesisi nzima ya One Ten. Gharama zake hatukuziweza. Nilikaribia kutabasamu. Ndipo akaongeza: “Lakini hizi springi zenu nazo si za kiwandani. Mzee aliongeza mabapa mawili kila upande. Na kutu imeyagandisha yote yakawa kama chuma kimoja.”

Jioni tulimweleza mama. Alikuwa amelala kwa ubavu, kwa sababu kukaa kulimshinda siku ile. Akasema: “Mwaka viazi vilipostawi sana, baba yenu aliongeza chuma. Mwaka mwingine akaongeza tena. Mzigo ukaisha, vyuma vikabaki. Nilimwambia avitoe, akasema mwakani vitahitajika.” Akanyamaza kidogo. “Na mimi nimepanda gari hilo miaka yote hiyo.”

Maneno yale yaliniingia kuliko hoja zote za Uingereza na Marekani. Nilikuwa nimeuliza swali lisilo lake. Nilikuwa nauliza ipi ni springi bora, na bila shaka kila moja ina ubora wake. Swali lilikuwa hili: nani anakaa juu yake, na amebeba nini leo?

Mabapa yenyewe hayana kosa. Springi iliyotengenezwa kwa gunia ishirini, ukiipa gunia ishirini itainama na kutulia, na safari itakuwa ya kupendeza. Ukiipa mama mmoja mgonjwa na kikapu cha dawa, haijui la kufanya nacho. Haipindi. Kila shimo inalipitisha lilivyo mpaka kwenye kiti. Chuma kilichowekwa kwa ajili ya mzigo mzito kinaumiza pale mzigo usipokuwapo.

Nathubutu kusema kwamba ndivyo tulivyo na sisi wanadamu. Inakuja njaa, tunaongeza bapa. Unakuja msiba, ada za watoto, jirani asiye mwema, tunaongeza jingine. Ni haki yetu, maana bila hivyo tungevunjika. Lakini nani kati yetu, mwaka wa neema ulipofika, alikumbuka kulala chini na kupunguza? Tunabaki wagumu kwa ajili ya mizigo iliyokwisha kushushwa Mombo zamani, na wanaoumia si wale waliotutwika. Wanaoumia ni wale walioketi karibu nasi.

Hata hivyo sitaki kuwa mwepesi wa kumhukumu baba. Aliyelelewa katika dhiki hawezi kuamini haraka kwamba dhiki imepita, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa na haki: mwakani vyuma vilihitajika kweli. Ninayemlaumu ni mimi. Baba aliushika ugumu ule akiwa anabeba. Mimi niliutetea nikiwa nimeketi Tanga, mgongo wangu mzima, na nikauita heshima. Kumheshimu marehemu kwa maumivu ya aliye hai ni kulipa deni kwa fedha ya mtu mwingine.

Siku ya pili fundi alifungua senta bolti, akatoa yale mabapa manne ya kuongeza, akayasugua kutu yaliyobaki moja moja na kuyapaka grisi kabla ya kuyapanga upya. Aliweka na shokomzoba mpya. Hatukupata koili, na gari halikugeuka kitanda. Mama aliporudi kutoka hospitali mwezi ule alisema tu kwamba safari hii aliweza kuongea njiani. Mdogo wangu aliniambia kwamba kwa miaka miwili walikuwa wakisafiri kimya, naye alidhani mama hana la kusema.

Tulipoteza kitu pia. Gari sasa linabeba gunia chache, na msimu ukiwa mzuri inabidi kwenda mara mbili Mombo. Mdogo wangu hulalamika kuhusu mafuta, nami humjibu kwamba yeye ndiye aliyetaka.

Mabapa manne yamo nyuma ya mlango wa ghala, yamefungwa kwa kamba na kupakwa oili chafu yasishike kutu. Mhunzi aliyaomba atengeneze mapanga, tukamkatalia. Tulipatana, mdogo wangu nami, mama akishuhudia: atakayeyarudisha wakati wa mavuno, huyo huyo ndiye atakayeyatoa mavuno yakiisha.