Mlango wa Msomaji na Mlango wa Mwandishi: Mintarafu ya Uchapishaji Huria wa Majarida ya Falsafa

Mwaka 1972 Peter Singer alichapisha katika jarida la Philosophy & Public Affairs makala mashuhuri kuhusu njaa na wajibu wa wenye nacho. Hoja yake, iliyochochewa na maafa ya Bengali ya Mashariki ya mwaka 1971, ni kwamba anayeweza kuzuia ovu kubwa bila kupoteza kitu chenye uzito sawa wa kimaadili anawajibika kulizuia. Baadaye jarida hilo liliingia mikononi mwa kampuni ya kibiashara, na msomaji asiye na chuo cha kumlipia akatakiwa kununua kibali cha kuisoma hoja hiyo. Waama nakala za pembeni zimeenea na walimu wengi huzigawa bila haya. Jambo hilo lenyewe ni aina ya hukumu.

Kejeli hii haifai kupita kama kichekesho. Makala ya falsafa aghalabu huandikwa na msomi anayelipwa mshahara na chuo, huhakikiwa na wasomi wenzake bila malipo, kisha huuziwa maktaba za vyuo vilevile. Mnamo Mei 2024 wahariri wa jarida hilo walitangaza kujiuzulu kwa pamoja na kuanzisha jarida jipya, Free & Equal, chini ya Open Library of Humanities, ambako gharama huchangiwa na maktaba, si msomaji wala mwandishi. Hawakuwa wa kwanza kuiacha njia ya kibiashara: Philosophers' Imprint la Chuo Kikuu cha Michigan lilianza kutoka mwaka 2001, likisomwa bure.

Hata hivyo, neno "huria" halina budi kuchunguzwa. Katika mkabala unaopendwa na makampuni makubwa, mlango wa msomaji hufunguliwa ilhali wa mwandishi hufungwa: mwandishi hutozwa ada ambayo mara nyingi hupita dola 2,000 kwa makala moja. Mwanafizikia huenda akailipa kutoka katika ruzuku ya utafiti. Mwanafalsafa wa Eldoret au Dodoma hana ruzuku hiyo, kwani kazi yake haihitaji maabara. Atasoma kila kitu asiseme lolote. Kati ya madhara haya mawili, la pili ndilo zito zaidi. Falsafa ni majibizano, na anayeruhusiwa kusikiliza tu bado yuko nje ya baraza, hata akiwa ameketi mkekani. Itajibiwa kwamba yapo makampuni yanayowasamehe ada waandishi wa nchi maskini. Lakini msamaha huo ni hisani ya mwenye mali, naye aweza kuuondoa apendapo.

Suala hili lina historia yake nchini Kenya. Henry Odera Oruka, aliyeanzisha jarida la Thought and Practice mwaka 1974, alisisitiza kwamba wazee wasiokuwa na digrii wanaweza kuwa wanafalsafa kamili. Kitabu chake chenye mazungumzo na wazee kama Paul Mbuya Akoko kilichapishwa Leiden mwaka 1990. Fikra zilizotolewa kwa mdomo, nyumbani kwa mzee, zikawa mali yenye hakimiliki ughaibuni. Je, anayezaliwa katika kijiji hicho hicho anadaiwa nini ili ayasome maneno ya babu yake?

Si kwamba uhariri hauna gharama. Hata Philosophers' Imprint lilifikia hatua ya kutoza dola 20 kwa kila makala yanayowasilishwa. Thought and Practice nalo, lililofufuliwa kwa mfululizo mpya mwaka 2009 na kusomeka bure, linahitaji mtu wa kusoma miswada na kuisahihisha. Swali gumu, basi, linazielekea idara zenyewe: vyuo vinavyompandisha mhadhiri cheo kwa makala yaliyochapishwa ng'ambo huziandika wapi saa za mhariri wa jarida la hapa, anayesahihisha miswada usiku bila kupunguziwa hata kipindi kimoja cha kufundisha?