Je, Kunyamaza ni Kusema Uongo?



Tukisikia habari za mkataba wa kuuza kampuni, wengi wetu twadhani ni mambo ya matajiri na mawakili wao. Lakini hata duka la vifaa vya ujenzi lililoandikishwa kuwa kampuni, ambalo mzee amechoka kuliendesha na sasa amwuzia kijana, huuzwa kwa mkataba. Na ndani yake limo fungu dogo liwezalo kumnufaisha mmoja na kumfilisi mwenzake. Ndilo fungu la kuthamini bidhaa zilizomo dukani na ghalani siku ya makabidhiano.

Tuchukue mfano. Mzee na kijana wahesabu pamoja mifuko 400 ya saruji. Kuhusu idadi hawabishani. Mkataba wasema bidhaa zitathaminiwa "kwa bei ya kununulia", na kila mfuko ulinunuliwa kwa shilingi 16,000. Kijana alipa shilingi 6,400,000. Baada ya juma moja agundua ya kuwa mifuko 100 iliyokuwa chini kabisa imeingiwa na unyevu ikaganda. Amenunua mawe kwa shilingi 1,600,000.

Wahasibu wanayo kanuni juu ya jambo hili, nayo imo katika viwango vya kimataifa vya uhasibu tangu mwaka 1975. Yasema kwamba bidhaa ziandikwe kwa gharama yake, au kwa fedha zitakazopatikana zikiuzwa baada ya kutoa gharama za kuziuza. Kati ya hizo mbili, ichukuliwe iliyo ndogo. Kwa kanuni hiyo saruji iliyoganda haina thamani. Lakini mara nyingi mkataba hutaja "desturi ya hesabu za kampuni". Maneno hayo yaonekana hayana ubaya. Kumbe, ikiwa desturi ya duka lile ni kutofuta kamwe bidhaa zilizoharibika, basi mawe yale yataendelea kuitwa saruji. Tena iko mikataba itajayo desturi na kanuni pamoja, bila kusema ipi itangulie zikipingana. Torati ilikataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, kubwa na dogo. Mkataba wa namna hiyo ni mfuko wenye mawe mawili.

Sasa swali letu ni hili. Mzee alijua habari ya mifuko ile. Hakusema uongo hata neno moja. Kijana alisoma mkataba, akatia sahihi. Je, mzee ametenda haki?

Swali hili ni la kale. Cicero, Mrumi, aliliandika mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu chake juu ya wajibu. Atoa mfano wa mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kisiwani Rodo wakati wa njaa, naye ajua ya kuwa merikebu nyingine zenye nafaka zaja nyuma yake. Je, awaambie watu, au anyamaze auze kwa bei kubwa? Diogenes wa Babeli alishika kwamba kutosema si sawa na kuficha. Muuzaji na aseme yale ambayo sheria yamdai, asidanganye, yatosha. Mwanafunzi wake Antipater alimpinga: watu ni jamaa moja, na mnunuzi asifichwe lolote alijualo muuzaji. Cicero mwenyewe aliamua ya kuwa mtu yule asinyamaze. Kwani kuficha ni kutaka mwenzako asijue jambo limpasalo kulijua, ili wewe upate faida.

Wengine watasema, "Mnunuzi na ajihadhari, kwa nini hakuchungulia chini?" Kweli, uzembe una gharama yake. Wala si lazima muuzaji amfundishe mnunuzi biashara yote. Lakini uzembe wa kijana haumpi mzee ruhusa. Mzee na ajiulize: je, ningefurahi kama angeinua mfuko ule wa chini? Kama moyo wangu ungeshtuka, basi sikunyamaza tu, nilificha.

Nasi tusiwalaumu wauzaji peke yao. Tuseme muuzaji ni mjane, na marehemu mumewe aliacha mabati 100 aliyoyanunua zamani kwa shilingi 20,000 kila moja. Leo kuyanunua ni shilingi 28,000. Mnunuzi aandika "bei ya kununulia" na kukaa kimya, akapata faida ya shilingi 800,000. Atajitetea kwamba bei ya soko yajulikana na wote. Lakini je, mjane yule aliyekuwa matangani jana alikuwa na nafasi ya kuiulizia?

Basi kabla ya kutia sahihi, tuulizane waziwazi: bidhaa zathaminiwa kwa bei gani? Nani atatenga zilizoharibika? Desturi na kanuni zikipingana, ipi itashinda? Tukikosana, nani ataamua? Mambo haya yaandikwe kwa lugha ambayo wote wawili waielewa.

Mkataba wa haki ni ule ambao kila mmoja angeutia sahihi hata kama angejua yote ayajuayo mwenzake. Baada ya makabidhiano, mzee na kijana watazidi kukutana njiani. Ni heri waweze kusalimiana bila mmoja kuinamisha macho.