Nyama Hii Imetoka Wapi?

Tangu mwaka 2020, Serikali ya Tanzania ilipotunga kanuni za kuendesha maduka ya nyamapori, swali ambalo zamani liliulizwa kwa kunong'ona limeingia waziwazi katika nyumba zetu. Mama wa mjini, aliyezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, aweza leo kuingia katika duka lenye leseni, akalipa fedha yake, akatoka na paja la swala pala au kilo mbili za nyati, akaipika nyumbani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Jambo hili ni halali, wala hatuna neno la kulilaumu. Lakini twaona yafaa kufikiri pamoja na wasomaji wetu juu ya mambo ambayo nyama hiyo yatudai kabla haijafika chunguni, na hata ikiwa imekwisha kufika.

Kitabu cha Mwanzo chatusimulia habari za Isaka mzee, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Alitamani mawindo, akamtuma Esau, mwanawe mkubwa, aende porini amtafutie nyama na kumpikia kama apendavyo. Rebeka aliposikia, alitwaa wana-mbuzi wawili, akawapika kwa ustadi hata mzee asitambue tofauti, naye Yakobo akakipeleka chakula hicho kwa jina la nduguye. Watu wengi hukumbuka baraka iliyochukuliwa kwa hila. Sisi leo twataka kukumbusha jambo dogo zaidi: Isaka aliuliza. Alistaajabu jinsi mawindo yalivyopatikana upesi, akataka kujua sababu. Akapewa jibu lililotaja hata jina la Mungu. Na ingawa sauti aliyoisikia ilimtia shaka, mwishowe aliridhika, akala. Matokeo yake twayajua. Ndugu alikusudia kumwua nduguye, na mama akalazimika kumpeleka mbali mwana aliyempenda.

Swali la Isaka lilikuwa swali jema. Kosa lilikuwa kukubali jibu jepesi kwa sababu chakula kilinukia vizuri. Swali hilo lafaa katika kila jiko: nyama hii imepatikanaje upesi hivi? Na katika siku zetu tuongeze: imekuwaje rahisi hivi?

Mbuzi ana mwenyewe, nasi twamjua. Swala hana zizi wala alama, na kwa hiyo wengi hudhani kwamba hana mwenyewe. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yasema vingine: wanyama wa porini ni mali ya umma, naye Rais ni mdhamini wao kwa niaba ya wananchi wote. Basi mtu abishaye hodi usiku, na furushi lake ndani ya gunia, akitaka nusu ya bei ya duka, auza kitu kilicho chetu sote, cha mtoto wa Lindi na cha bibi wa Bukoba, bila kutuuliza. Na anayenunua ndiye aliyemtuma, hata kama hawajapata kuonana mchana. Sheria huita nyama ya namna hiyo nyara za serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa kubwa. Wako akina baba waliokwenda gerezani kwa ajili yake, wakaacha watoto bila wa kuwalisha.

Twajua jibu litakalotolewa, nalo si jibu la mpumbavu. Watu watasema: babu zetu waliwinda kabla ya sheria hizi. Ni serikali ya Wajerumani, chini ya Gavana Hermann von Wissmann, iliyotoa amri ya kuzuia uwindaji mwaka 1896, na Waingereza wakafuata na amri yao ya mwaka 1921. Mgeni mwenye fedha ya leseni akaitwa mwindaji, na mwenyeji mwenye upinde akaitwa jangili. Watasema tena: tembo ameimaliza mihogo yangu usiku mmoja, nami nikatazwe kumla swala mmoja?

Malalamiko haya yana haki ndani yake, wala hatupendi kuyafunika. Mkulima akaaye pembeni mwa hifadhi hubeba mzigo ambao sisi wa mbali hatuuoni. Kanuni za mwaka 2011 zampa fedha iitwayo kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa. Na majina hayo yenyewe yakiri kwamba hayo si malipo kamili ya hasara. Yatupasa kusimama pamoja na mkulima huyo adai haki yake mchana, mbele ya viongozi wake na mikutanoni. Lakini biashara ya usiku haimtendei haki hiyo. Nyama iuzwayo mjini kwa siri haiendi kwa yule aliyelala njaa. Yaenda kwa mwenye fedha, na anayekamatwa njiani ni mnyonge aliyepewa kuibeba.

Wala huo si uwindaji wa babu. Wahadzabe, waishio karibu na Ziwa Eyasi, hata leo wako kati yao wawindao kwa upinde na mshale, na nyama iliyopatikana hugawanywa kambini. Mwenye upinde humwona mnyama anayempiga. Mtego wa waya hauoni wala hauchagui. Hunasa mwenye mimba na mwenye kunyonyesha, na mara nyingi mnyama huteseka kwa muda mrefu, akaoza kabla mtegaji hajarudi. Swala pala jike huzaa mtoto mmoja kwa uzazi, na nyati hubeba mimba yake karibu miezi 11. Kinachoharibiwa kwa usiku mmoja hakirudi upesi.

Tukiisha kulijibu swali la kwanza, na tuingie jikoni, maana huko nako kuna wajibu. Wa kwanza ni afya ya watu wa nyumbani. Nyama isiyokaguliwa yaweza kuwa kibudu, yaani mnyama aliyeokotwa amekufa mwenyewe. Ugonjwa wa kimeta hushika wanyama wa porini kama ushikavyo ng'ombe, na vijidudu vyake haviuawi kwa kuchemsha kidogo. Nyama ya ngiri yaweza kuwa na minyoo isiyoonekana kwa macho, nayo ipikwe hata isibaki rangi ya damu. Mabaki yake mabichi wasipewe nguruwe wa nyumbani, kwa kuwa ngiri hubeba homa ya nguruwe bila kuugua mwenyewe, na homa hiyo huweza kumaliza banda zima. Tena, palipo na jeraha la risasi, nyama iliyozunguka ikatwe na kutupwa, kwa maana madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Wajibu wa pili ni uvumilivu. Mnyama wa porini hutembea siku zake zote, hanenepi kama ng'ombe wa zizini. Nyama yake ni nyekundu sana, mafuta yake ni machache, nayo hukauka upesi motoni. Mpishi mgeni huichoma kwa moto mkali, ikawa kama ngozi ya kiatu, akamlaumu mnyama. Paja na bega zilazwe usiku kucha, mahali pa baridi, katika maziwa ya mgando, au katika siki na vitunguu. Asiye na nafasi hiyo na apake papai bichi lililopondwa kwa muda wa saa moja. Kisha zipikwe polepole, chungu kimefunikwa, kwa saa mbili au tatu, pamoja na mafuta ya kupikia au tui la nazi, ili kujaliza unono ambao mnyama hakuwa nao. Nyama laini ya mgongoni haitaki muda mrefu hivyo. Ikatwe vipande vyembamba, ikaangwe hata iive ndani, iondolewe motoni mara moja. Haraka haraka haina baraka, na hapa mithali hiyo ni kweli tupu.

Mtu aweza kuuliza: kupika vizuri kwahusu nini maadili? Twajibu kwamba kwahusu sana. Uhai umetolewa ili sisi tule. Hatukumchunga mnyama huyo, hatukumnywesha maji, hatukukesha zizini alipozaliwa. Hatuna deni la kumlipa mwenyewe, lakini tunalo deni la kutomtupa. Sufuria iliyoungua kwa uzembe na kumwagwa jalalani ni dharau kwa uhai ule, na pia kwa nchi iliyoutunza. Anayenunua kilo mbili na anunue atakazoweza kupika, na mifupa ichemshwe mchuzi, na bakuli moja lipelekwe kwa jirani.

Na watoto wapo mezani. Watauliza, kwa maana watoto huuliza: Baba, nyama hii imetoka wapi? Baba aliyenunua dukani atalitaja duka, na kumwonyesha mwana stakabadhi kama akitaka kuiona. Baba aliyenunua mlangoni usiku itambidi aseme, nyamaza ule. Mtoto atakula na kunyamaza. Lakini amefundishwa siku hiyo kwamba yako mambo yasiyoulizwa nyumbani kwao, na somo hilo hatalisahau akiwa karani, askari au hakimu. Samaki mkunje angali mbichi.

Basi, enyi wazazi, pikeni na mle kwa shukrani kile kilichopatikana kwa haki. Bei ikiwa ya ajabu, ulizeni. Na jibu likiwa jepesi mno, rudisheni furushi kwa mwenyewe, mkapike maharage. Jioni hiyo hamtamwambia mtoto wenu anyamaze.