Ngoma Mbele ya Saa

Miongoni mwa maswali yanayomkabili mtu aliyekabidhiwa kazi ya utamaduni, liko moja ambalo kwa kulitazama huonekana dogo kabisa, nalo ni hili: ngoma ichezwe kwa muda gani? Wengi watasema hilo ni jambo la utaratibu tu, wala halistahili kuandikiwa insha. Mwenye ratiba na apange, wachezaji wafuate. Mimi nami nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Sasa naona kwamba ndani ya swali hilo limejificha swali la haki, na kwamba kila tamasha linalokusanya sanaa za mataifa mbalimbali hulijibu, litake lisitake, kabla ngoma ya kwanza haijalia.

Aliyepata kuingia Ngome Kongwe mjini Zanzibar wakati wa Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, au kukaa Bagamoyo wakati wa tamasha la sanaa lililoanza mwaka 1982, hahitaji kusimuliwa utajiri wa mikusanyiko hiyo. Kwa usiku mmoja mtu huweza kusikia taarab yenye udi, kanuni na fidla. Baada yake kidumbaki, ndugu mdogo wa taarab, pamoja na besi yake ya sanduku. Kisha wageni wa Afrika Magharibi na kora yao yenye nyuzi 21. Kisha ngoma za bara zenye kutikisa ardhi. Na kabla masikio hayajatulia, magitaa ya umeme kutoka ng'ambo. Mzaliwa wa Pemba humwona hapo kwa mara ya kwanza mwanamke wa Kigogo aliyebana ngoma ya muheme katikati ya mapaja yake, naye hushangaa kwamba huyu na yeye ni raia wa nchi moja.

Sitaki mwanafunzi asomaye kurasa hizi adhani nayadharau mambo hayo. Mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana kwa sababu wakoloni walikuwa wametufundisha kuona haya kwa ngoma zetu. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilipozitoa ngoma vijijini na kuzipandisha jukwaani, hata mtoto wa shule aliye mbali kabisa na Mtwara aliijua sindimba ya Wamakonde. Jukwaa lilitufundisha kujuana. Hilo ni deni, na mwenye deni hamtukani aliyemkopesha.

Lakini tuangalie kinachotendeka pale jukwaani. Wanaoingia wana desturi nyingi mbalimbali, na tamasha hujisifu kwa wingi huo. Ila wote hupimwa kwa desturi moja ambayo yenyewe haipandi jukwaani, nayo ni saa. Saa huketi kando. Haichezi, haiimbi, wala hakuna aitazamaye kuwa ni utamaduni wa mtu fulani. Hata hivyo ndiyo inayowaambia wengine wote lini waanze na lini wanyamaze. Kila kikundi hupewa dakika zake sawasawa na mwenzake, na jambo hilo huitwa usawa.

Je, ni usawa kweli? Zipo sanaa zilizolelewa na saa tangu utoto wao. Sahani ya santuri ya zamani ilichukua kama dakika tatu hivi kwa upande mmoja, na Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodiwa, nyimbo ambazo nyumbani zilirefushwa kwa matakwa ya wasikilizaji zilibidi zikae ndani ya duara la sahani. Redio ikarithi kipimo kilekile, na muziki wa dansi ukakulia humo. Mwimbaji wa namna hiyo akipewa dakika 20 huona amepewa shamba zima, kwa kuwa ndani yake zitaingia nyimbo nne au tano, kila moja na kichwa chake na miguu yake. Mpeni dakika hizohizo mtu ambaye ngoma yake huanza baada ya chakula cha jioni na kumalizika jogoo wa pili, nanyi mtakuwa mmempa sehemu ya ukucha. Wawili hao wamepewa sawa, lakini hawakupewa kitu kimoja.

Wala si kweli kwamba pasipo saa hapana kipimo. Wasukuma wana vyama viwili vikongwe vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo husemwa viliasisiwa na mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, makundi ya vyama hivyo hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, hili upande huu na lile upande ule, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Hapana mwamuzi mwenye kitabu, hapana kengele. Watu husimama walipopenda. Wakichoka na hawa huvuka uwanja kuwaendea wale, na kila anayevuka amepiga kura kwa miguu yake. Kwa hiyo ilibidi wachezaji wabuni mambo mapya kila msimu, wakaleta hata nyoka na fisi uwanjani ili wasikimbiwe. Hiyo nayo ni mizani, tena kali kuliko saa, maana saa haimwoni mchezaji mbovu: humlinda mpaka dakika zake ziishe. Najiuliza, nasi tungewezaje kuzipanga sanaa 30 kwa mizani ya Bagika na Bagalu? Sijui uwanja wa ukubwa gani ungehitajika.

Huko Lagos mwaka 1977 waliliona tatizo hili, ingawa sidhani kwamba waliliita kwa jina ninaloliita mimi. Tamasha la pili la sanaa na utamaduni wa watu weusi na Waafrika lilidumu kutoka tarehe 15 Januari hadi 12 Februari, likiwa na washiriki wapatao 17,000. Lilikuwa na ukumbi mpya wa taifa uliojengwa mahsusi. Wakenya walileta huko michezo ya kuigiza, na humo mlikuwamo ule wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo juu ya kesi ya Dedan Kimathi. Mchezo wa kuigiza hukaa ukumbini kama yai ndani ya ganda, maana uliandikwa kwa ajili ya ukumbi. Lakini gwaride la wapanda farasi wa masultani wa kaskazini halikuingizwa ukumbini. Wageni ndio waliobebwa, wakapelekwa mpaka Kaduna, mamia ya kilometa kutoka Lagos, kwenda kuwatazama farasi katika ardhi yao. Na maonyesho ya mitumbwi yakafanyika majini. Nigeria wakati huo ilikuwa na fedha za mafuta, nasi hatuna. Hata hivyo wazo lenyewe halikuhitaji mafuta. Mara nyingine mtazamaji ndiye apaswaye kusafiri.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Miaka kadhaa iliyopita niliazimwa na ofisi yangu nikasaidie katika tamasha moja la kimataifa katika mji wa pwani, ambalo sitalitaja kwa sababu kosa lilikuwa langu. Kazi yangu ilikuwa kushika saa. Nilipewa taa ya njano ya kuonya na taa nyekundu ya kukomesha, na mkono wangu ukipanda, fundi mitambo alizima vipaza sauti. Usiku wa pili kilipanda kikundi cha wazee na kina mama kutoka Dodoma, wenye zeze, marimba na muheme. Walikuwa na dakika 12.

Kiongozi wao, mzee mwembamba mwenye zeze kubwa, alikuja mbele akasema, "Mbukwenyi!" Akangoja. Watu wakapiga makofi. Yeye hakutaka makofi, alitaka aitikiwe. Akasema tena, "Mbukwenyi!" akangoja tena, na baadhi ya vijana waliotoka Dodoma wakapaza sauti kutoka nyuma. Akatabasamu, akawauliza habari za huko walikotoka. Kisha akakaa kukaza nyuzi zake, taratibu, huku akiimba kwa sauti ya chini maneno ambayo sikuyafahamu. Nilitazama saa: dakika sita zimekwisha na ngoma haijaanza. Nikawasha taa ya njano, naye hakujua taa ile ina maana gani. Kina mama walipoziinamia ngoma zao na sauti zikaanza kupandana, moja juu ya nyingine, hata nywele za shingoni mwangu zikasimama, dakika zilikuwa zimetimia. Niliinua mkono. Vipaza sauti vikafa. Mzee akaendelea kupiga, akisikiwa na watu wa safu ya mbele tu, mpaka mshereheshaji alipokuja na kipaza sauti chake akatangaza kwa lugha mbili kwamba wageni wetu wameiona ngoma ya Wagogo, na sasa wajiandae kwa burudani ifuatayo.

Nilimfuata nyuma ya jukwaa. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba radhi kwa ufinyu wa muda. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema muda haukumuudhi. Yeye alijua anakuja mahali penye watu wengi, na mwenye wageni wengi hukata nyama vipande vidogo. "Lakini yule kijana amewaambia wameiona ngoma yetu," akasema. "Hawajaiona. Sisi tulikuwa bado tunapiga hodi."

Maneno hayo nimekaa nayo miaka. Kwanza nilidhani yananihukumu kwa kukata, nikatafuta dawa ya upole. Katika tamasha dogo la wilaya lililofuata niliamua kutowasha taa. Kikundi cha kwanza kikachukua muda wake na wa jirani yake. Cha pili, kwa kuona hivyo, kikafanya vilevile. Vijana wa kisiwa kidogo, waliovuka bahari kwa mashua na waliokuwa wa mwisho katika orodha, walipanda saa nane za usiku mbele ya viti vitupu na mlinzi mmoja. Hawakulalamika, na hilo ndilo lililonichoma. Basi nikajua kwamba saa, pamoja na ugeni wake wote, humlinda mnyonge asilizwe na mwenye kifua. Anayetaka kuivunja aseme kwanza atawalindaje watu wa mwisho katika orodha.

Tena mimi ni mtunzi wa mashairi, na mtunzi hana haki ya kuchukia mipaka. Sisi hupima mstari kwa mizani 16, nane kwa nane, tukafunga vina vya kati na vya mwisho, na hakuna anayesema kwamba mizani imelidhulumu shairi. Tofauti ni nini? Nadhani ni hii: mizani imo ndani ya shairi tangu linapochukuliwa mimba, na mtunzi ndiye aamuaye neno gani libaki na lipi liondoke. Mtu mwingine akija akachukua utenzi wangu wa beti 200, akasoma beti 12 za mwanzo, yaani zile za kumsifu Mungu na kuomba wino na karatasi, kisha akatangaza kwamba huo ndio utenzi, mimi sitagombana naye juu ya idadi. Nitagombana naye juu ya neno "ndio".

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee. Kukata si dhuluma kwa kila hali. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliichukua zeze na marimba ya Wagogo akaipiga katika majukwaa ya Ulaya kwa miaka mingi, naye alijua cha kuacha na cha kuchukua kwa kuwa vyote vilikuwa vyake. Dhuluma huingia kwa milango miwili: pale mkataji anapokuwa mtu asiyekijua kitu, kama nilivyokuwa mimi na taa zangu, na pale kipande kinapoitwa kitu kizima, hata mtazamaji akarudi kwao akiamini ameshiba. Mlango wa pili ndio mbaya zaidi, maana yule aliyedhani ameiona ngoma hatakwenda tena kuitafuta.

Walimu wanaotayarisha watoto kwa mashindano ya sanaa ya shule watakuwa wamekwisha kuliona jambo hili. Ngoma ya babu zao hupewa dakika chache, na mwalimu, kwa nia njema, huanza na kufuta salamu, kwa kuwa salamu haina alama. Mimi ningemwomba ampeleke mtoto mmoja kwa mzee anayeijua ngoma hiyo, akamwulize: tukiwa na dakika saba, tuoneshe nini? Pengine mzee atasema tuoneshe salamu peke yake. Jibu hilo liheshimiwe, hata kama kikombe kitakwenda shule nyingine.

Kikundi kile cha Dodoma kilialikwa tena katika tamasha lile mwaka uliofuata, na mimi nilikuwapo. Safari hii tuliketi na mzee mchana, akachagua mwenyewe: aliacha kukaza nyuzi jukwaani, akabakiza salamu, akaanzia pale ambapo kina mama huingia. Akaomba jambo moja, kwamba mshereheshaji awaambie watu kuwa hiki ni kipande, na kwamba chenyewe kiko Ugogo, na njia haikufungwa. Nilipompelekea mshereheshaji ombi hilo alikataa. Alisema wageni wamelipa viingilio, na hawatapenda kusikia kwamba wamelipia kipande. Nilimwambia basi nitasema mimi. Akaitazama ratiba yake, akanipa nusu dakika.